Mguu wa Gervasi na Mstari Uliohama

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani ya shule ya msingi, ile yenye nzi waliokaukia baharini, nikaikosa. Kwa hiyo msomaji atakayedhani anamfahamu waziri fulani humu, au aliwahi kupanga foleni mbele ya dirisha fulani, ajue ni macho yake tu, akapimwe.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo, mchezo wa taifa ni mpira wa Kimarekani. Hawakuuchagua. Waliomba msaada wa vyandarua, wakaletewa kontena la kofia ngumu, mabega ya plastiki na kitabu cha kanuni, na kwa kuwa kukataa zawadi ni utovu wa adabu, wakacheza. Mpira wenyewe si wa duara, umechongoka huku na huku kama papai changa. Wachezaji husukumana kidogo, kisha husimama kufanya kikao, halafu husukumana tena. Wananchi waliuzoea upesi, maana walishawahi kuangalia bunge.

Mtukufu Kiongozi alisomewa kitabu cha kanuni huku akikandwa miguu. Kurasa karibu zote zilimpa usingizi, mpaka ilipofikiwa kanuni ya hatua ya mbele. Kanuni hiyo inasema hivi: mchezaji aliyebeba mpira akisonga mbele, kisha wapinzani wakamkamata na kumrudisha nyuma kwa nguvu, mpira hauwekwi pale walipomwangusha, unawekwa pale alipofika mbele kabisa kabla hajarudishwa. Kiongozi akaketi. Akaomba asomewe tena. Kisha akatamka maneno ambayo baadaye yalichongwa juu ya mlango wa Benki Kuu: "Huu si mchezo. Hii ni katiba."

Tangu siku hiyo nchi iliacha kurudi nyuma. Reli iliyowahi kufika kaskazini, kabla vyuma vyake havijang'olewa na kuuzwa kama chakavu, ilihesabiwa kuwa inafika kaskazini, na ratiba ya treni ilichapishwa kila mwaka kwa karatasi nzuri. Hospitali iliyokuwa na dawa siku ya ufunguzi ilihesabiwa ina dawa. Mtoto aliyepata tisini darasa la pili na sifuri darasa la saba alipewa cheti cha tisini, na mmoja wa watoto hao ndiye Waziri wa Elimu wa sasa, mtu mchangamfu sana. Aliyeshiba Krismasi alihesabiwa ameshiba mpaka Pasaka.

Sasa tuje kwa Gervasi Nyakunga, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Gervasi alikuwa mwamuzi wa pembeni. Kabla ya kontena alishika kibendera katika soka, akasifika kwa kukimbia kando ya mstari bila kujikwaa na bila kuonekana, sifa mbili ambazo mwamuzi akiwa nazo hafi kwa mawe. Katika mchezo mpya alipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutazama miguu. Mchezaji akidaka mpira karibu na mstari wa pembeni, sharti aushike sawasawa na miguu yake yote miwili iwe imekanyaga ndani. Mstari wenyewe ni nje, ncha ya kidole ikiugusa, hakudaka. Ya pili ilikuwa kuweka alama. Mchezaji akirudishwa nyuma, mwamuzi hukimbia hadi pale alipofika mbele kabisa, akauweka mguu wake hapo, na haruhusiwi kuuondoa mpaka mpira uje kuwekwa. Kwa wenzetu wenye mchezo wao, mguu hukaa hapo muda wa kumeza mate tu.

Siku ya fainali ya kombe, Timu ya Ikulu ilicheza na Timu ya Magereza. Mechi ilipokaribia kwisha, Mtukufu Kiongozi, aliyekuwa na umri wa babu yangu, alivua koti akaingia uwanjani. Wafungwa walikuwa wameagizwa waanguke wenyewe kila atakapowakaribia. Bahati mbaya mmoja wao alikuwa ameletwa jana yake kutoka gereza la mbali, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mpira ukarushwa. Kiongozi akaudaka kando kabisa ya mstari, au tuseme ulimkwama tumboni, akapiga hatua kadhaa kwa ujasiri. Yule mfungwa akamkumbatia kiunoni, akamnyanyua, akamrudisha nyuma mwendo mrefu, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akamlaza chini polepole.

Gervasi alikimbia, akauweka mguu wake wa kulia kwenye nyasi, pale alipofika Kiongozi mbele kabisa.

Ukweli ni kwamba hakuona chochote. Leokadia, mkewe, ambaye miaka yote hakuwahi kuja kumtazama akifanya kazi, siku hiyo alikuwa amekuja. Alikaa jukwaa la chini, amevaa kitenge kipya, akimpungia leso. Kiongozi alipodaka, Gervasi alikuwa anamtazama mkewe na kucheka peke yake. Aliposhtuka aliuweka mguu mahali palipomjia, na hapo ndipo maendeleo ya taifa yalipoanza kuhesabiwa.

Mwamuzi mkuu aliliona jambo limemzidi kimo. Kama miguu yote miwili ya Kiongozi ilikuwa ndani, alidaka, na hatua zake ni halali. Kama kidole kiligusa mstari, hakudaka, na taifa halikusogea hata unywele. Ni nani wa kulisema hilo? Alipuliza filimbi akatangaza kwamba anakwenda kushauriana. Habari zilizotufikia zinasema bado anashauriana, katika nchi jirani, na amefungua duka la nguo huko.

Basi likaundwa Baraza la Tafsiri, mwenyekiti wake akiwa Mheshimiwa Telesfori Mkambuzi, Waziri wa Hatua za Mbele. Mheshimiwa alikuja uwanjani siku ya pili na kipaza sauti, ingawa Gervasi alikuwa amesimama mbele yake, pua kwa pua.

"Ndugu Mwamuzi!" alinguruma. "Taifa limesimama! Limesimama wapi? Limesimama chini ya unyayo wako! Wengine wana almasi, wengine wana mafuta, sisi tuna wewe! Ukiuinua mguu huo kabla Baraza halijamaliza kutafsiri, hatua yetu itapotea. Hospitali zitakosa dawa! Reli itang'oka! Watoto watakuwa mbumbumbu!"

Gervasi, ambaye mama yake alifia katika mojawapo ya hospitali hizo akisubiri dawa iliyokuwapo, aliogopa sana, akaukandamiza mguu zaidi.

Siku za kwanza hazikuwa mbaya. Pale aliposimama palikuwa karibu na mstari, na Leokadia alikuja kila mchana na bakuli la ugali na mlenda. Kanuni inakataza asiye mchezaji kuingia uwanjani, kwa hiyo yeye alisimama nje, akanyoosha mikono, Gervasi naye akainama upande bila kuondoa mguu, akanyoosha yake, na mikono yao ikakutana juu ya bakuli.

"Mguu unaendeleaje?" Leokadia aliuliza.

"Umekufa ganzi."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi sijambo. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Wengine wote wanauliza mguu."

"Utarudi lini nyumbani?"

"Wakishauweka mpira."

"Na watauweka lini?"

"Wanatafsiri."

Siku moja alimwambia ukweli, kwa sauti ya chini, ili Koplo Sungwa aliyewekwa kuulinda mguu asisikie. "Sikuiona miguu yake, Leokadia. Nilikuwa nakutazama wewe." Leokadia alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha cheko lilimkauka.

"Kumbe mimi ndiye niliyekusimamisha hapa," alisema, akalitazama bakuli.

Baraza lilifanya kazi usiku na mchana, kwa posho. Kiatu cha Kiongozi kiliwekwa juu ya mto wa mahameli, kikachunguzwa, na kwenye ncha yake ikaonekana chokaa nyeupe, ile ile ya kuchorea mstari. Wajumbe walitokwa na jasho. Mtu wa akili ndogo angesema Kiongozi alikanyaga mstari. Baraza, lenye akili kubwa, lilifikia uamuzi pekee uliowezekana: siku ile mstari ulikuwa mahali pasipo pake. Vibarua wakaitwa, mstari ukafutwa, ukachorwa upya nje zaidi kwa shibiri moja, ili mguu wa Kiongozi uwe ulikuwa ndani.

Hapo yangekwisha, lakini nchi hiyo ina mawaziri wengi. Waziri wa Ulinzi alisimama akahoji: hivi Mtukufu ni mtu wa kuwa ndani kwa shibiri? Huo si uhaini wa chinichini? Akapendekeza hatua nzima. Waziri wa Kilimo, ambaye cheo chake kilikuwa kikitetereka, akasema hatua kumi. Waziri wa Fedha alikuwa safarini. Aliporudi na kukuta ameachwa nyuma kwa utii, alipendekeza mstari upite nje ya jukwaa. Kila kikao mstari ulisogea, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuandikwa kwamba alimtakia Kiongozi nafasi ndogo kuliko mwenzake. Mheshimiwa Mkambuzi aliita hali hiyo upanuzi wa fursa.

Na kila mstari uliposogea, Leokadia alisogezwa nao.

Ile shibiri ya kwanza walinyoosha mikono zaidi, wakaweza. Hatua nzima ilipokuja, Leokadia aliazima mwiko mrefu wa kupikia pombe, akaning'iniza bakuli nchani. Zilipokuja hatua kumi, mwiko haukufika. Alisimama pale akiita, "Gervasi, nimekuja!" na Gervasi akiitikia, "Nimekuona!" basi, ndiyo ikawa chakula chao. Baadaye alionekana juu ya ukuta wa nyuma wa uwanja, kichwa na leso tu. Chakula cha Gervasi kikawa kile alichomegewa na Koplo, kwa sababu alipoomba posho ya mlo aliambiwa kumbukumbu zinaonyesha alishiba siku ya kwanza.

Leokadia alikwenda ofisi ya Baraza kuomba jezi, awe mchezaji, aruhusiwe kuingia. Wengi walipewa: mstari ulipopita katikati ya mitaa, waliokuwa ndani ya nyumba zao walivalishwa jezi na kofia ngumu, wakaendelea kukaanga maandazi wakisubiri filimbi, na wasiotaka walihamishwa. Lakini Leokadia alikataliwa. Mke wa mwamuzi akiwa mchezaji, walimweleza, kutakuwa na upendeleo, na nchi yetu inachukia sana upendeleo. Aliyemweleza hivyo alikuwa shemeji wa Waziri.

Siku zikawa ndefu. Viongozi na wageni wao, ambao kanuni haiwahusu, walikuja na mashada, wakainamia mguu, wakauliza hali ya mguu, wakapiga picha nao. Watoto wa shule waliimba wimbo wa mguu. Balozi mmoja aliufuta vumbi kwa leso yake ya hariri. Katika umati wote ule hapakuwa na mtu aliyemtazama Gervasi juu ya goti. Alikuwa mpweke kuliko alivyowahi kuwa maishani, na aibu ilimzuia kusema, kwa maana utawaambia vipi watu wanaokupigia saluti kwamba huna mtu? Alianza kuzungumza na Leokadia hewani, mambo madogo ya nyumbani: kama kuku mweupe ameatamia, kama lile bati linalovuja limezibwa. Koplo Sungwa, mtu wa adabu, alijifanya hasikii.

Mchana wa Jumanne moja, kutoka mbali sana, ng'ambo ya mstari, ilisikika sauti anayoijua kila mkazi wa mji, ile ya kipaza sauti cha muuza sumu: "Dawa ya panya! Mende, kunguni, viroboto, wote kwisha habari yao!" Kisha ikakwaruza, ikakatika, na baada yake ikaja sauti ya Leokadia.

"Gervasi, ni mimi. Nimeazima mashine ya kijana wa sumu, betri inakwisha, kwa hiyo nisikilize. Nyumba wameichukua, mstari umepita sebuleni. Kuku nimemwachia jirani. Nakwenda kwa mama, Kwamshindo. Gari linaondoka keshokutwa, Alhamisi, mchana. Mimi sikulazimishi. Lakini kila nikija nakukuta umepungua. Ulikuwa mtu mzima, ukawa kama mtoto, sasa hivi nakuona kama kidole. Sitaki kuja siku nitazame nikukose kabisa. Kama unakuja, njoo."

Alikuwa bado anasema kitu, ila mashine ilijirudia yenyewe kwa panya na mende. Gervasi alipiga kelele mpaka koo likawasha. Sauti yake iliishia kwa wakaanga maandazi.

Jumatano Mheshimiwa Mkambuzi alikuja kukagua, na msafara wake nyuma. Gervasi alivua kofia. "Mheshimiwa, naomba ruhusa ya siku moja. Mke wangu anaondoka."

Mheshimiwa aliugeukia msafara. "Mmemsikia? Anaomba ruhusa!" Kisha akashusha sauti, kama baba. "Ndugu yangu, hujaielewa Serikali yako. Serikali haijawahi kukufunga wewe. Wewe ni nani hata ufungwe? Kinachotakiwa pale ni alama. Wewe nenda popote upendapo, alimradi alama ibaki!" Msafara ukacheka na kupiga makofi, na Mheshimiwa akaondoka amefurahi, maana ni nadra mtu kutoa neno la busara kabla ya chai ya saa nne.

Gervasi hakucheka. Alilala amekaa, akiyapima maneno yale, na Alhamisi asubuhi jua lilipopanda aliinama akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.

Koplo Sungwa aliisogeza bunduki yake. "Unafanya nini, kaka?"

"Kiatu nilipewa na Serikali," Gervasi alisema. "Mguu nilizaliwa nao. Kiatu kinabaki."

Koplo alikitazama kiatu. Kilikuwa kimekaa pale pale, kimeshikamana na udongo, na nyasi zimekizunguka. Alifikiri kwa muda mrefu, jambo ambalo hakulizoea akiwa zamu. "Amri yangu inasema nilinde kilicho pale," alisema mwishowe. "Kipo." Akakipigia saluti. Kisha akaongeza bila kumtazama, "Pita kushoto. Kulia kuna tope."

Nawaambia wasomaji wangu, mguu ule ulikuwa umesahau kutembea. Wa kushoto ulitaka kwenda, wa kulia ulisubiri kuinamiwa. Alivuka uwanja, akavuka mahali palipokuwa jukwaa, akavuka soko ambalo wauza nyanya walikaa na kofia ngumu vichwani. Alimwuliza mmoja, "Mama, mstari uko wapi?" Naye akajibu, "Jana ulikuwa machinjioni, mwanangu. Leo sijui." Alikwenda machinjioni, akakuta vibarua wanaufuta. Alikimbia kwa kuchechemea, kiatu kimoja, unyayo mmoja ukitoka damu, na kila alipodhani amefika, chokaa mbichi iling'aa mbele yake kidogo. Waheshimiwa walikuwa na kikao asubuhi hiyo.

Alipofika stendi, jua lilikuwa limeshapinda na vumbi limeshatulia. Gari la Kwamshindo lilikuwa limekwenda zamani.

Katika dirisha la tiketi alikaa karani mmoja mwanamke, amechoka, anajipepea kwa kipande cha boksi. Sheria ya nchi ile inataka kila msafiri aseme sababu ya safari, kusudi ijulikane kwamba anakwenda mbele.

"Namfuata mke wangu Kwamshindo," alisema Gervasi akihema. "Ameondoka leo mchana. Leokadia Nyakunga."

Karani alimtazama, akatazama unyayo wake, akamtambua. Akashusha sauti. "Kaka, siwezi kukuandikia hivyo. Hajaondoka."

"Dada, ameondoka. Nyumba wameichukua."

"Nakuelewa. Ila kuondoka ni kurudi nyuma, na kurudi nyuma hakuhesabiwi. Mkeo anahesabiwa yuko pale alipowahi kukukaribia kabisa tangu usimamishwe uwanjani. Wewe mwenyewe unapakumbuka?"

Gervasi alinyoosha mkono kama anayepokea bakuli. "Kando ya mstari," alisema. "Ule wa zamani. Alikuwa ananipa chakula."

"Basi yuko hapo. Nikikukatia tiketi ya kumfuata mtu asiyeondoka, nitafukuzwa kazi." Akajipepea kidogo. "Unadhani ni wewe peke yako? Mume wangu alitoka kununua mkaa mwaka wa ile mvua kubwa. Mpaka leo naletewa kadi ya pongezi ya ndoa kutoka wizarani, kila mwaka. Mama yule anayeuza kahawa pale, watoto wake watatu wako ng'ambo, lakini anahesabiwa anaishi nao. Hii nchi yote, kaka, hakuna aliyeachwa."

"Sasa mnafanyaje?"

"Mimi nauza tiketi," alisema karani, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Gervasi aliaga kwa heshima. Akauliza barabara ya Kwamshindo ni ipi, akaonyeshwa kwa kidole, akaishika kwa miguu, ule wenye kiatu na ule usio nacho. Kama alifika sijui. Ni mbali, na mimi si mtu wa kuwapa watu matumaini ambayo sina.

Ninachoweza kuwapa ni kumbukumbu rasmi, ambazo haziongopi. Mpira haujawekwa. Baraza linaendelea na kikao, na mstari sasa unakaribia bahari. Gervasi Nyakunga yuko zamu, hajawahi kukosa hata siku moja, na ametunukiwa nishani, imefungwa kwenye kiatu. Mkewe yuko mbele yake, ng'ambo ya chokaa, umbali wa mkono. Amemnyooshea bakuli, ugali bado wa moto, naye ameinama kulipokea, na mikono yao imeshikana. Wameandikwa kuwa ndoa ya mfano.